Picha ya Kiangazi

Mjukuu wangu wa kike hupima misitu kwa picha za setilaiti. Ramani yake ilionyesha kwamba nusu ya msitu unaolindwa na baba yake imetoweka; kwa hilo baba huyo angefukuzwa kazi. Alipochunguza upya, aligundua kwamba alikuwa amelinganisha picha ya masika na ya kiangazi, wakati miti imepukutisha majani. Akatafuta nyingine ya masika. Msitu ukarejea, isipokuwa kipande kimoja kando ya mto, ambacho kweli kilikuwa kimekatwa.

Akampigia baba yake simu. "Baba, nikikionyesha kipande kilichokatwa, wakubwa wako watakuuliza ulikuwa wapi."

"Waache waniulize, mama. Au unataka nije nipande miti ndani ya kompyuta yako?"

Alicheka huku machozi yakimlengalenga, akakipaka kipande kile kwenye ramani rangi nyekundu, alama ya msitu uliokatwa.