Wavu wa Jaribio

"Shangazi, wiki iliyopita mto ulipofunguliwa ulipata samaki wangapi?"

"Kidogo," alisema Olinka bila kuinua kichwa.

Alikuwa amekaa juu ya kadibodi, miguu imenyooka mbele, kisu chake cha nusu mwezi kikizunguka ndani ya samoni mnene kama paja la mtu. Samaki huyo alikuwa wa mwisho. Wengine walikuwa wamehifadhiwa kwenye pipa la barafu ili wakatwe polepole, kama watu wanavyokula peremende wakijua hakuna nyingine. Nyuma yake vipande vyekundu vilining'inia kwenye chanja. Upande mmoja wa chanja ulijaa. Pande tatu zilikuwa miti mitupu, na inzi walitua juu yake kwa matumaini.

Feodora alitazama chanja, akatazama karatasi yake. "Kidogo ni namba gani?"

"Ni namba ya kidogo."

"Shangazi, ofisi inataka namba."

"Basi andika wawili."

"Wawili! Na hao wanaoning'inia hapo ni nguo?"

Olinka akasimamisha kisu. "We mtoto, unataka nipige kelele samaki wanisikie? Nani kakulea wewe?"

Aliyemlea alikuwa Olinka mwenyewe, kwa hiyo Feodora akaandika wawili.

Kila mtu aliyezaliwa kwenye ukingo wa mto Kuskokwim anajua kwamba samaki wanasikia. Hujitoa wenyewe kwa mtu mwenye adabu, na mtu mwenye adabu hasemi atavua wangapi wala amevua wangapi. Hata aliyerudi na mashua inayozama kwa uzito huulizwa "Vipi?" naye hujibu "Kidogo," halafu watu wote wa ukoo wake hunoa visu. Mwenye kujisifu huachiwa maji matupu. Ni elimu ya kale, nzuri, na haikuwahi kumdhuru mtu yeyote mpaka siku ofisi ya samaki ilipogundua dodoso.

Kazi ya Feodora ilikuwa na sehemu mbili. Kila maji yalipojaa, yeye na binamu yake Zakar walitoka kwa mashua ya ofisi, wakatupa wavu wa jaribio, wakauacha ukokotwe na mkondo kutoka kwenye nguzo nyeupe hadi kwenye banda bovu la mafuta, kisha wakauvuta. Samaki walionaswa walipimwa urefu, wakang'olewa gamba moja la kusomewa umri, na mizoga ikagawiwa wazee. Hapo ofisi ilipata kujua samoni wangapi wanapanda mto. Sehemu ya pili ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali ya utovu wa adabu. Hapo ofisi ilipata kujua kijiji kinahitaji nini. Mkuu wa ofisi aliyakutanisha mambo haya mawili mjini, kwenye kiti kinachozunguka, kisha akatangaza kama mto unafunguliwa, yaani kama watu wanaruhusiwa kuvua na kula.

Siku hiyo tangazo lilikuwa saa sita mchana. Mto ulikuwa umefunguliwa mara moja tu tangu barafu ivunjike, na kwa muda ambao haukutosha hata kukausha nyavu. Wiki iliyofuata mvua zingeanza. Mvua zikianza samoni mkubwa hakauki. Huoza chanjani, huku funza wakifanya sherehe. Kwa hiyo ilikuwa leo au ilikuwa majira yote ya baridi kununua mapaja ya kuku yaliyoganda kule dukani, yaliyoletwa kwa ndege na kuuzwa kama vile kuku alikaa kiti cha dirishani.

Feodora alitoka kwa Olinka, akaingia kwa jirani. Jirani alikuwa na moshi unaotoka kwenye kibanda na mafuta ya samaki mpaka kwenye viwiko.

"Mlipata wangapi?"

"Aa, hatukukosa."

"Niandike wangapi?"

"Andika tunashukuru."

Akaandika sifuri, maana dodoso halikuwa na nafasi ya shukrani.

Lakini moyoni alikuwa na furaha aliyoificha vizuri. Asubuhi ile wavu wa jaribio ulitetemeka kabla hata haujanyooka. Maboya yalizama moja baada ya jingine, na Zakar, ambaye hanyamazi hata akiwa chooni, alinyamaza. Samaki walikuwepo. Walipanda kwa wingi ambao haukuonekana kwa miaka kadhaa. Mtu yeyote mwenye macho angefungua mto.

*

Saa sita ukumbi wa kijiji ulijaa watu na harufu ya chai na moshi. Simu iliwekwa katikati ya meza, sauti ikafunguliwa, na kipaza sauti cha redio kikawekwa kando yake ili walio majumbani na mashuani wasikie. Huko kila nyumba ina redio ya mawasiliano, na redio haizimwi; mtu akipiga chafya ukumbini, hutakiwa afya kutoka ng'ambo ya mto.

"Habari za mchana, marafiki," alisema Bwana Halvorsen, mkuu wa ofisi, kutoka mjini. Alikuwa na sauti ya upole mno, sauti ya mtu anayekutoa jino. "Kwanza nawapongeza. Jaribio la leo ni zuri sana. Samaki wapo."

Watu wakatazama chini. Haifai kushangilia.

"Wapo wa kutosha kufungua mto katika baadhi ya sehemu. Sasa, sheria inatutaka tuanze na wenye haja kubwa zaidi. Tumepitia madodoso." Karatasi zikachakarika. "Kwa kijiji chenu, haja ni ndogo. Kwa kweli mnatufurahisha. Familia nyingi zimepata wawili, watatu, na kadhaa hawakupata kabisa lakini hawalalamiki. Mmetuonyesha kwamba mnaishi vizuri bila samoni."

Kikombe kikawekwa mezani polepole.

"Kwa hiyo kwenu tutaendelea kufunga."

Feodora alihisi masikio yakiwaka. Wale wawili, wale watatu, zile sifuri, zote zilikuwa za mwandiko wake. Alisogea karibu na simu.

"Bwana Halvorsen, ni Feodora. Hayo majibu si haja. Watu wetu hawatamki samaki. Wakisema kidogo ni heshima."

"Naelewa kabisa, na tunaheshimu sana mila. Lakini heshima haina safu kwenye jedwali, Feodora."

"Basi ongeza safu."

"Msimu ujao tunaweza kuunda kamati ya kulitazama hilo." Akakohoa. "Turahisishe. Mko wengi hapo. Mtu mmoja aseme tu, kijiji kinahitaji wangapi? Nitaandika."

Mzee mmoja alifunga macho. Mama mmoja alimziba mtoto mdomo, ingawa mtoto alikuwa na biskuti tu. Redio ilikoroma.

"Nasikia kimya," alisema Halvorsen. "Sipendi kuandika kimya, maana kompyuta hukisoma kama sifuri."

Feodora aliwatazama watu wake. Aliona mikono yenye mipasuko ya visu, mikono inayojua kazi, imekaa mapajani haina kazi. Akamwona Olinka akimtikisia kichwa, taratibu, mara moja. Usithubutu.

"Wengi," alisema Feodora. "Tunahitaji samaki wengi sana. Tunataka chanja zijae pande zote, na vibanda vijae, na wote wataliwa. Andika hivyo."

Sauti yake ikaenda kwenye simu, ikaingia redioni, ikatokea jikoni na mashuani na huko mtoni kwenyewe. Ukumbi ukavuta pumzi. Mzee aliyefumba macho akayafumbua. Olinka akasimama, akavuta kofia iliyoshonwa kwenye gauni lake la maua mpaka kwenye nyusi, akatoka. Mlango haukubamizwa, alikuwa mtu wa adabu hadi katika hasira.

"Asante sana," alisema Halvorsen. "Hii ni taarifa muhimu." Kalamu ikasikika. "Ila nina shida ndogo. Wiki nzima umeniletea kidogo, leo mchana unaniletea wengi sana. Takwimu zikiruka hivi, utaratibu unasema tuzitilie shaka. Itabidi nitume timu ya uhakiki."

"Lini?"

"Ndege zikipatikana, mwezi ujao mwanzoni."

"Mwezi ujao ni mvua! Samaki watakuwa wameshapita."

"Basi uhakiki utakuwa rahisi zaidi," alisema Halvorsen, na ni haki kusema kwamba hakuwa anatania. "Hadi hapo, mto umefungwa kwenu. Nawashukuru kwa ushirikiano."

Simu ikakatika. Ikabaki ikilia mlio mmoja mrefu mpaka mtu akaionea huruma na kuizima.

*

Olinka alimsubiri nje, kwenye njia ya mbao.

"Umewatukana samaki mbele ya redio."

"Nimejaribu kuwatetea nyinyi, shangazi."

"Na ofisi imekubali?"

"Hapana."

"Basi umewatukana bure." Akageuka. "Mama yako angekuwa hai angejificha kwenye bafu la mvuke mpaka majira ya baridi."

Feodora alishuka hadi gatini, ambako Zakar alikuwa akimimina petroli kwa uangalifu wa mfamasia. Maji yalikuwa yanajaa. Kazi ni kazi.

"Haya, mheshimiwa," alisema Zakar. "Nasikia siku hizi unaongea na samaki kwa kipaza sauti. Umewauliza kama wana mchumba kwa ajili yangu?"

"Zakar, washa injini."

"Mimi binamu yako, nina haki ya kukucheka. Ni kitu pekee ambacho bado hakijafungwa."

"Washa injini kabla sijakutupa."

Wakaenda hadi kwenye nguzo nyeupe. Feodora akaurusha wavu, mikono yake ikiutoa fundo kwa fundo. Alikuwa anangoja maji matupu. Alistahili, alidhani, maneno yale bado yalimchoma ulimi. Mkondo ukaushika wavu, mashua ikaanza kuteleza kando yake, na kwa muda maboya yalikaa juu ya maji ya kahawia, yametulia kabisa.

Kisha la kwanza likazama.

La pili likafuata. Likaja la tatu na la nne kwa pamoja, na kamba ikamkata Feodora kiganjani. Wavu ulivutwa kama kuna watu chini wanaougombania.

Walifika kwenye banda bovu la mafuta. Hapo ndipo wavu huvutwa, ni alama, imechorwa hata kwenye ramani ya ofisi. Zakar akashika kamba. Feodora hakusogea.

"Banda hilo," alisema Zakar.

"Nimeliona."

"Tunalipita."

"Nimeona pia."

Wakalipita. Zakar akamtazama, akalitazama banda likirudi nyuma, akaachia kamba taratibu kama mtu anayeweka chini yai. Feodora akachukua redio ya mashua. Alifikiri kidogo jinsi ya kusema jambo hilo kwa adabu.

"Hapa ni wavu wa jaribio," alisema. "Umekuwa mzito kidogo. Samaki wa jaribio hupewa wazee. Mwenye mzee nyumbani na mashua yake iko majini, aje atusaidie kuwafikisha."

Hakuna nyumba isiyo na mzee kijijini pale. Injini moja ikawaka gatini, na nyingine, na nyingine. Mashua ya kwanza kukata kona ilikuwa ya Olinka. Alisimama mbele kabisa na rungu la kupigia samaki mkononi, kofia bado iko kwenye nyusi. Alisogea hadi mashua zikagusana, akashika ukingo wa wavu, akaanza kuvuta bila kumtazama Feodora. Alikuwa bado amekasirika, na hakuona sababu ya hasira kuzuia mikono.

Samaki walipanda, wekundu kidogo tumboni, wakubwa, wakigonga mbao. Mashua zilijipanga pande zote za wavu na mikono ikafanya kazi iliyokuwa ikiisubiri.

Ndege ndogo ya doria ilitokea upande wa chini ya mto. Ikapita juu yao, ikapinda, ikapita tena chini zaidi, mpaka maboya ya kutulia majini chini ya tumbo lake yakaonekana na matone yake.

"Mashua zilizo kwenye mkondo," redio ikasema. "Mto huu umefungwa. Toeni wavu huo."

Feodora akashika redio kwa mkono uliolowa magamba. "Huu ni wavu wa ofisi ya samaki. Uko kwenye jaribio."

"Jaribio linaishia kwenye banda la mafuta. Mmeshalipita."

"Ndiyo, afande."

"Nani ameruhusu?"

"Bwana Halvorsen ametilia shaka namba zetu. Tunahakiki."

Zakar akatoa sauti ndogo puani. Feodora alijua kazi yake imekwisha, na mashua hii kesho itapewa mtu mwingine, mtu wa kuja na ndege pengine, mwenye kofia mpya. Alijua pia kwamba faini huandikwa haraka kuliko kamati inavyoundwa.

Ndege ikazunguka mara ya mwisho, ikageuzia pua yake upande wao, ikaanza kushuka kutua majini.

"Inakuja," alisema Feodora.

"Nina masikio," alisema Olinka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu njia ya mbao, na aliyasema akiwa ameinama, kamba imezunguka ngumi. "Usiwatazame hao. Vuta."

Feodora akavuta.