Chini ya Mbao za Kwaya

Waliomwita Kambale hawakumtukana. Fundi bomba anayeshinda matopeni kutwa nzima, kisha akaibuka na masharubu yanayodondosha maji, mlitaka aitwe nani? Njiwa?

Jumapili hiyo Kambale alikuwa mahali ambapo hakuna aliyetarajia kumkuta: kanisani. Msifurahi mapema, hakuja kusali. Alikuwa ameziba ufa kwenye tangi la ubatizo, lile lililo chini ya jukwaa la kwaya, naye alitaka kuikagua saruji kabla waumini hawajafika, kisha ajiondokee kimya kimya kama paka aliyeonja mboga ya wenyewe.

Tangu mama yake azikwe hakuwahi kukalia benchi la kanisa. Mama alilala kitandani akimwita, na yeye alikuwa kilabuni, simu kaizima isije ikamharibia raha. Alipofika nyumbani alikuta viti vya msiba vimeshapangwa uani. Kuanzia hapo yeye na Mungu waliangaliana kwa mbali, kama watu wenye kesi mahakamani.

Basi amechuchumaa tangini, anaigonga saruji kwa kidole, mara akasikia viatu, na sauti ya dada yake mkubwa. Dada huyo aliimba kwaya, na tangu mazishi hakumpa mdogo wake hata salamu.

"Jamani, hili shimo mbona liko wazi? Lifunikeni, asije mtu akatumbukia tukapata ubatizo wa dharura!"

Mwenye akili zake angesema, "Nipo humu." Kambale alijibanza kwenye kona, akabana na pumzi. Mbao zikashuka moja baada ya nyingine, zulia likatandikwa juu yake, kisha kwaya nzima ikapanda, ikitanguliwa na mzee wa sauti ya besi mwenye viatu kama matofali.

"Nitasubiri," Kambale alijiambia gizani. "Ibada ikiisha, natoka." Alijiona mjanja. Wajanja wengi wa dunia hii makao yao ni mashimoni.

Kwaya ikaimba. Kila waimbaji wa besi walipokanyaga kwa furaha, vumbi lilimwingia Kambale masikioni. Alitaka kupiga chafya, akaimeza. Ukafika wakati wa maombi, na dada yake akasimama juu kabisa ya utosi wake.

"Naomba mniombee," alisema. "Si mdogo wangu, huyo mmeshamwombea mpaka mmechoka. Niombeeni mimi. Namchukia. Nikimwona njiani nabadili njia. Nilimwambia Mungu asimlete humu, maana akija sitajua niuweke wapi uso wangu. Sasa nimechoka, wapendwa. Chuki hii inanila, mimi nakonda na yeye anazidi kunenepa!"

Watu wakacheka. Kambale alijishika tumbo. Ni kweli, lilikuwa limeongezeka.

Sasa, kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake. Siku ya ubatizo, bomba hufunguliwa Mchungaji anapoanza kuhubiri, mbao zikiwa bado juu ili watoto wasichungulie. Akifika kwenye amina, tangi limejaa. Tangi lilikuwa kubwa na mahubiri marefu, kwa hiyo walielewana. Kambale aliujua vizuri utaratibu huo, ila alikuwa amemwambia mzee wa kanisa aiache saruji ikauke wiki nzima. Mzee aliitikia kwa kichwa, akasahau kwa moyo, na ubatizo wa leo ukabaki pale pale.

Bomba likakohoa, kisha likatema maji. Na kwa kuwa Kambale ndiye aliyelitengeneza, tena kwa ustadi wake wote, yalitoka kwa nguvu ajabu. Vifundo vya miguu vikazama, kisha magoti.

"Mungu," alinong'ona, "ukinitoa humu, pombe basi."

Hapo hapo akaona aibu. Ahadi hiyo ilikuwa imechakaa. Alishaitoa hospitalini, akaitoa kituo cha polisi, na usiku mmoja aliitoa mbele ya mbwa wa jirani, ambaye hata yeye hakuisadiki.

Sauti ya Mchungaji ilipenya mbao: "Yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu alikuwa na nini cha kutoa? Hawezi kurudisha alichoiba. Hawezi kumtekea mtu hata kikombe cha maji. Mikono yote miwili imepigiliwa misumari! Alibaki na mdomo tu, akautumia kuomba. Na siku ile ile akapokelewa."

Maji yalikuwa kiunoni. Mguu wa Kambale ukagusa kitu sakafuni: kizibo cha kutolea maji. Fundi mzima alikuwa amekisahau kwa hofu! Akikivuta, tangi litakauka. Watamlaani fundi, wataahirisha ubatizo, wataenda makwao, na yeye atatoka bila kuonwa na mtu. Akajiinamisha, akakishika.

Akabaki amekishika. Maji yalimfika kifuani, na yeye havuti. Aliona wazi kabisa kinachofuata: atatoka kwenye tangi hili akaingie kwenye shimo lingine, na lingine, mpaka siku atakayofukiwa kabisa. Kujificha alikuweza. Kilichomshinda ni kuonekana.

"Sina kitu, Bwana," alisema. "Hata ahadi sina. Nimekosa. Nichukue hivi hivi."

Akakiachia kizibo, akazigonga mbao kwa ngumi zote mbili.

"Shetani!" alipiga yowe mzee wa besi, akaruka kutoka jukwaani kwa wepesi ambao umri wake haukuuruhusu. Kwaya ikatawanyika kama kuku. Mchungaji peke yake ndiye aliyepata akili ya kuagiza bomba lifungwe, zulia livutwe na mbao ziondolewe. Mwanga ukaingia, na katikati ya mwanga huo alikuwa dada yake, kapiga magoti ukingoni.

Walitazamana.

"Umesikia yote?" dada aliuliza.

"Yote, dada."

"Sijakusamehe bado. Nimeanza tu kuomba."

"Najua. Hata ukikawia, haki yako. Mama aliniita, nikazima simu."

Dada akaunyoosha mkono. "Haya, njoo juu. Utakufa na baridi, mjinga wewe."

Mchungaji akainama kutoka upande wa pili. "Fundi, unatoka au unaingia?"

"Leo natoka, Mchungaji. Ukinifundisha, nitaingia kwa miguu yangu, watu wakiniona."

Wakambandika kwenye benchi la mbele, kafunikwa joho la kwaya lililomfika magotini, maji yakichuruzika hadi kwenye njia. Watu walimkodolea macho waziwazi. Kambale alingoja ule msukumo wa zamani wa kutafuta mlango, akangoja tena, haukuja. Mtu wa kwanza akashuka tangini na kanzu nyeupe, akazamishwa, akaibuka akitweta. Na Kambale, bila kujua, akavuta pumzi ndefu pamoja naye.