Mnyororo Mtupu

Haya mjukuu wangu, nikutegee: mtumishi wangu hubeba chochote, wala haulizi kilichomo. Umeshindwa? Nipe mji. Ni meli.

Nasema meli moja, tuliyoiita Bi Tumbo kwa jinsi ilivyomeza mizigo. Ilianza na saruji, ikaja sukari, halafu matrekta. Nahodha wake alikuwa mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, na ndiye aliyemwingiza baba yako kazini, akawa mfunga mizigo. Mabaharia walimtania kwamba hata mkewe angemkaza mnyororo asiyumbe.

Kisha jeshi likaikodi. Ikapakwa rangi ya kijivu, yakaingia makasha yaliyofunikwa turubai, na askari wakakataza mtu kuyafunua. Baba yako akamwuliza mjomba wake ni mzigo gani, maana kila mzigo na ufungaji wake: vipuri vya trekta hukazwa kwa mnyororo mtupu, lakini baruti hutengwa kwa mbao, chuma kisisuguane na chuma. Akaambiwa ni vipuri. Akakaza mnyororo mtupu.

Huko safarini bahari ikachafuka, chuma kikasugua chuma, kasha likalipuka. Baba yako akarudi na mkono mmoja. Wachunguzi wakasema mfungaji alikuwa mzembe, na nahodha kakaa papo hapo, katulia kama maji mtungini. Mkono mmoja ungetosha kufundishia wengine kazi, lakini nani ampe mzembe wanafunzi?

Mdogo wangu akaja kumjulia hali na mfuko wa machungwa.

“Mjomba, ulijua?” baba yako akamwuliza.

Akajibu kwamba machungwa ya mwaka huu matamu. Kila akija, swali lilimsubiri naye akalikwepa, mara mvua, mara magoti yanamuuma.

Bi Tumbo ilipouzwa chuma chakavu, akaja kutupa habari, akakaa mezani kwangu kama mfiwa. Nikamwondolea sahani mbele yake.

“Nimekubeba mgongoni wewe,” nikamwambia. “Leo usiniletee mvua. Mwanangu alikuuliza.”

Baba yako alikuwa kasimama mlangoni, akihangaika na kifungo cha shati. Mdogo wangu akamtazama mkono ule.

“Nilijua, mjomba,” akasema. “Ningewaambia ni baruti, wote mngeshuka, na meli angepewa mwingine.”