Namba Kumi ya Kianjai

Mtu akiniambia tena kwamba mpira wa mashinani unakuza vipaji, nitamwaga chai yake. Unakuza, ndiyo. Unawakuzia wengine. Mimi ni meneja wa Kianjai Sunrise, timu ya daraja la tatu, na kazi yangu miaka hii yote imekuwa kulea vijana wa watu mpaka waanze kuonekana. Halafu siku moja kiti kimoja kiko wazi pale hotelini kwangu, nauliza, naambiwa ameenda Nairobi, ama Thika, ama Embu. Wengine hata hawaagi. Wanatuma salamu.

Hoteli yenyewe ni ndogo, iko karibu na soko la Kianjai, chai na chapati na githeri, na timu inakula hapo baada ya mazoezi. Majirani wananiita Mama Kiende, wachezaji wananiita Manager. Kocha wetu ni Gikunda, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mpaka anaudhi. Wafadhili ndio hatuna. Mwenye duka la mbegu alitupa kofia. Mwenye hadiwea alitupa mkebe wa rangi nyeupe ya kuchora mistari ya uwanja, kufungua tukakuta imeganda. Mheshimiwa mmoja alituahidi basi wakati wa kampeni, na tangu apite simu yake ni mteja hapatikani.

Basi mwaka huu nilitaka kitu kimoja tu: Muthomi abaki.

Muthomi alikuwa straika wetu, namba kumi. Nilimwona mara ya kwanza akipiga chandimu, mpira wa makaratasi, nyuma ya soko, nikamwita nikampa chapati, na tangu siku hiyo nikamhesabu kama wangu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unafanya mambo ambayo Gikunda hakumfundisha, na Gikunda mwenyewe alikubali hivyo. Sasa timu ya mtaa wa Majimbo, kule Embu, ilikuwa imempigia simu. Hakunificha. Alikuja hotelini, akasubiri wateja wapungue, akaniambia, “Manager, mimi sitaki kwenda. Nyanya yangu yuko hapa, na ng'ombe wake ni mimi namkatia nyasi. Lakini siwezi kucheza msimu mwingine na viatu vya kuazima. Pata mfadhili, na mimi nabaki.”

Nikamwambia nitampata, hata kama ni kwa kushika mtu shati.

Tukaitisha harambee siku ya Jumapili, baada ya ibada, kwenye uwanja wa kanisa. Nikasimama nikasema yale maneno ambayo timu zote husema: mpira unaokoa vijana. Mpe kijana mpira, umemtoa kwa pombe, umemtoa barabarani. Nilisema vizuri, na akina mama wakaitikia amina. Michango ilipoisha ukaja mnada. Pasta akaanza na boga, akaja kwa jogoo, akaja kwa mkungu wa ndizi. Kwetu ukinunua kitu kwenye mnada wa kanisa, mara nyingi hukipeleki nyumbani. Unampa mtu unayetaka kumheshimu, hapo hapo mbele ya watu, na watu wanapiga makofi. Boga akapewa mke wa pasta. Jogoo akapewa mgeni kutoka mji wa Maua. Mwisho nikatoa jezi ya Muthomi, namba kumi, niliyoifua na kuipiga pasi mimi mwenyewe. Kila mtu alijua itakavyokuwa: atakayeinunua atamrudishia Muthomi, tutaimba, tutaenda nyumbani.

Aliyeinunua ni huyo mgeni wa jogoo. Anaitwa Mbaka, mfanyabiashara wa miraa, mwenye pikapu zinazokimbia Nairobi kabla ya mapambazuko. Alikuwa amekuja kwa sababu dada yake Celina ni muumini wetu. Alitaja pesa ambayo hata pasta alimwomba airudie, kisha akaongeza kwamba msimu mzima timu itasafiri kwa pikapu zake, na viatu vya wachezaji wote ni juu yake. Nilijua Muthomi nimeshampata.

“Na jezi, ndugu yetu, unampa nani?” pasta akauliza.

Muthomi alikuwa ameshatoka kwenye safu, anatabasamu, mikono mbele. Mbaka akampita. Akatembea mpaka nyuma kabisa, pale langoni wanaposimama vijana wanaotaka kutoroka mahubiri, akamvalisha jezi Mutembei, mtoto wa Celina. Makofi yakaja yamelegea. Pasta akasema amina, kwa sababu angesema nini.

Mutembei tulimjua wote. Asubuhi alikuwa anapakia miraa kwenye pikapu za mjomba wake kule Maua, mchana anatafuna, jioni anakunywa. Mpira alikuwa akiuona tu akipita njia.

Nilijiambia ni jezi tu, nguo ni nguo. Kesho yake Mbaka akapiga simu kuuliza Mutembei, namba kumi, atacheza mechi gani. Nikafunga hoteli, nikapanda gari mpaka Maua. Nilimkuta kwenye ghala lake, wanawake wamekaa chini wanafunga miraa kwa majani ya migomba.

“Bwana Mbaka,” nikamwambia, “wewe ulinunua nguo. Hukununua nafasi kwenye timu.”

“Nguo ninazo, Mama Kiende.”

“Kijana hajui mpira.”

“Najua hajui.”

“Sasa unataka tumfanyie nini?”

Akaniangalia bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. “Wewe ulisimama kanisani ukasema mpira unaokoa vijana. Hukusema unaokoa wale wanaojua kucheza peke yao. Dada yangu ni mjane, na huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Anapotea nikimwona. Mwokoeni.”

Ukisema maneno mazuri kwa kipaza sauti, ujue kuna mtu anayasikiliza. Nilirudi Kianjai nimenuna, mteja wa kwanza aliyeniuliza kama githeri ni ya leo nikamwambia akale kwao.

Kocha Gikunda aliona ni jambo dogo. Mutembei avae kumi acheze mbele, Muthomi avae kumi na saba acheze nyuma yake. “Namba haifungi bao,” akasema. Muthomi aliposikia akasema, “Hakuna neno, Kocha.” Mimi nimelea watoto. Mtoto akikwambia hakuna neno kwa sauti ile, lipo.

Tukacheza mechi mbili hivyo. Mbaka alikuwa ameegesha pikapu kando ya uwanja, amekaa ndani anatazama. Muthomi anakokota mpira, anapita watu, anatoa pasi safi mpaka unaona aibu kwa niaba ya mabeki, na ile pasi inapita chini ya kiatu cha Mutembei, kiatu kipya. Watazamaji wakaanza kumwita Mutembei “Lango la Kanisa”, kwa sababu kila kitu kinapita. Tulifungwa zote mbili. Muthomi hakulalamika hata mara moja. Ningempenda zaidi angelalamika.

Siku aliyokuja kuaga, alikula, akamaliza, akaenda nyuma akaosha sahani yake mwenyewe. Hapo nikajua.

“Manager, Embu wamenipa namba kumi,” akasema.

“Na viatu tulishakununulia.”

“Nimeviacha kwa Kocha.”

“Na nyanya?”

“Binamu yangu Gachoki atakuwa anamkatia nyasi.”

Sikumlaumu. Nilimwambia aende salama, kisha nikaingia jikoni nikalia na kitunguu mkononi, ili mtu akiingia asiulize. Nilikuwa nimetafuta mfadhili ili Muthomi abaki, na mfadhili ndiye aliyemwondoa. Yaani hesabu gani hiyo.

Basi nikabaki na Mutembei, na hasira zangu zote zikamwangukia. Nikamwambia mazoezi yake yanaanza hotelini. Kabla ya mazoezi anachota maji, anapasua kuni, anamenya viazi. Nikikuta miraa mfukoni mwake, inaingia jikoni kuwasha moto. Hakubisha. Nafikiri hakuna mtu aliyekuwa amemkasirikia kwa karibu hivyo kwa muda mrefu, maana mama yake alikuwa amebaki kulia tu.

Siku moja alichelewa na maji, wateja wamejaa, na mimi nikashikwa na zile hasira zangu. Nilikuwa na kabichi mkononi, nikamrushia. Sikutania, nilimlenga. Mutembei alikuwa ameangalia mlangoni, akainua mkono mmoja, akaidaka, akaiweka kwenye beseni, akaendelea na maji yake.

Gikunda, aliyekuwa anakunywa chai pembeni, akaweka kikombe chini. “Mama Kiende, rusha nyingine,” akasema.

Nikarusha nyingine. Akaidaka. Nikarusha viazi, akavidaka, na wateja wakaanza kuhesabu. Tulipomuuliza alituangalia kama wajinga. Kule Maua, akasema, mabunda ya miraa yanarushwa mbio mbio, nawe umesimama juu ya pikapu, injini inanguruma, na ukiangusha moja mjomba anakufokea mpaka jioni. Miaka hiyo yote alikuwa kipa, na hakuna aliyemwambia.

Tukamtia golini. Refa akatuambia kipa havai jezi ya rangi moja na wenzake, kwa hiyo namba kumi akaivaa ndani, juu yake sweta ya kipa. Mbaka alikuja, akainua ile sweta kwa kidole kuhakikisha, akaridhika, akarudi kwenye pikapu yake. Na tukaanza kutofungwa. Mutembei aliacha pombe bila kutangaza, miraa nayo ikapungua mpaka ikaisha. Celina alipokuja hotelini kunishukuru alinishika mikono yote miwili, nami nikamwambia asinishukuru, mwanawe ameshamaliza kabichi zangu. Lakini nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu hataenda popote. Huyu nimemtoa chini kabisa, huyu atazeekea hapa. Nilitaka mmoja tu, na labda ndiye huyu.

Mechi ya mwisho ilikuwa Embu, dhidi ya hao hao wa Majimbo. Tulisafiri nyuma ya pikapu chini ya turubai, tukafika tunanuka miraa kama bidhaa. Muthomi alikuja kunisalimia, traksuti mpya, amenawiri, akanipokea begi. “Mmekula, Manager?” akauliza. Nikamwambia tumekula, na nikamwangalia kwa sababu sikuwa na la kufanya na macho yangu.

Tulipata bao moja la bahati, mpira uligonga goti la beki wao. Kisha dakika za mwisho wakapata penalti, na aliyeuchukua mpira ni Muthomi, namba kumi mgongoni. Nilijua atapiga kushoto. Nimemwona akipiga kushoto tangu akiwa mtoto. Nikamwangalia Mutembei, naye alikuwa amesimama tu, mikono imelegea, kama mtu anayesubiri mzigo. Muthomi akapiga kushoto, kwa nguvu. Mutembei hakuupangua. Aliudaka, akaukumbatia, akautafutia mahali pa kuuweka, mpaka Gikunda akampigia kelele kwamba hapa si Maua, aurushe.

Tulishinda. Niliruka na kitambaa changu cha kichwa kikaanguka, sikujali. Nilipoinama kukiokota baadaye, nikaona kocha wa Majimbo anavuka uwanja. Hakuwa anakuja kwangu, wala kwa Gikunda. Alikuwa anaenda golini, ameshika simu.

Jumatatu Mutembei alichota maji kama kawaida, akajaza mitungi yote, hata ile ambayo huwa hatujazi. Kisha akanieleza. Embu wana chumba cha kulala, wana mshahara, na Muthomi amemwambia watakaa pamoja. Nilitoka nje nikampigia Mbaka, kwa sababu nilijua mjomba aliyefadhili timu na kununua jezi hatakubali.

“Mama Kiende,” Mbaka akasema, na sauti yake ilikuwa nzito, nafikiri alikuwa karibu kulia. “Wewe ni mtu wa ukweli. Ulisema mpira unaokoa vijana, na huyu umemwokoa. Mungu akubariki.”

“Na timu, Bwana Mbaka?”

“Nimewaombea.”

“Na pikapu?”

“Mvua imenyesha, miraa ni nyingi. Pikapu zote ziko barabarani.” Akanibariki mara ya pili, akakata simu.

Niliporudi ndani Mutembei alikuwa amesimama na begi. Gikunda alikuwa pembeni na kikombe chake, anapuliza chai kwa upole wake ule unaoudhi.

“Nenda,” nikamwambia Mutembei. “Lakini ile jezi uiache. Kuna mwingine ataivaa.”

Akaangalia chini. Si kwamba alikuwa na kiburi, alikuwa na aibu, naiona mpaka leo. “Manager,” akasema, “ile nilipewa mbele ya kanisa.”

Ilikuwa kweli. Nikamtazama akifunga zipu ya begi, kisha nikaingia jikoni nikamfungia chapati za njiani, na mbili za Muthomi.