Amri za Jikoni

Katika nyumba yangu vita huamuliwa jikoni. Mezani ni kutekeleza tu. Anayetaka kumshambulia mwenzake huja kwanza kwangu, hufunga mlango, huniinamia sikioni na kuninong'oneza anachotaka kifanyike: nani asogee, nani abaki, mizinga ielekezwe wapi. Akitoka huyo, anaingia wa pili na kuninong'oneza ya kwake. Halafu tunakwenda sote sebuleni, na kila mmoja anatekeleza alichokisema, hata kama macho yake yanamwambia amekosea. Hakuna kubadili. Mwamuzi ni mimi, mama yao, na haijapata kutokea neno la mmoja likamfikia mwenzake kupitia kinywa changu.

Utaratibu huo aliuanzisha marehemu baba yao, wanangu wakiwa bado wadogo. Kabla ya hapo walikuwa wakitazamana usoni na kubadili mawazo kila dakika, mpaka mchezo unaishia kwa ngumi. Alipofariki nikadhani na vita navyo vitakwisha. Wapi! Msiba haujapoa vizuri, wakaja wote wawili, watu wazima wenye ndevu zao, wakasimama mlangoni wakisukumana kwa macho nani aseme. Mimi nilikuwa nimestaafu kazi ya kuunganisha simu hospitalini, kazi ya kusikia mambo ya watu na kunyamaza. Nikawaambia haya, leteni hao askari wenu, ila atakayemwaga rangi kwenye zulia langu atanitambua.

Mkubwa tunamwita Bonge, na ukimwona huulizi kwa nini. Ni fundi wa majokofu. Mdogo wake ni Sindano, yeye hutengeneza meno ya bandia kwenye karakana ya daktari wa meno. Mtu anayeweza kuchonga jino likafanana na jirani yake hashindwi kumpaka rangi vifungo vya koti askari wa plastiki asiyezidi kidole gumba. Ndiyo maana majeshi yote mawili, la bluu la kaka yake na jekundu la kwake, huyapaka yeye. Uwanja wa vita ni ubao wa mlango wa zamani tuliouweka juu ya meza ya chakula. Vilima ni vya sponji, mto ni kipande cha satini kilichobaki kwenye nguo yangu ya sherehe, na katikati kuna daraja alilolijenga Sindano kwa njiti za kiberiti. Anayeshika daraja mchezo ukiisha ndiye mshindi.

Na kushindwa hawakuwezi, wote wawili. Bonge akishindwa huondoka bila kugusa chai yangu, na simu hapokei mpaka hasira ziishe zenyewe. Sindano akishindwa hutafuta kasoro kwenye dadu tunazorusha kuamulia mapigano. Aliwahi kuzipeleka kazini kwake akazipima kwenye mizani ya kupimia unga wa meno. Niliwazaa mimi, sikatai, lakini ubishi ule ni wa upande wa baba yao.

Sasa, Jumapili moja mchana walikuja kama kawaida, wakapanga majeshi yao, na Sindano akawa wa kwanza kuja jikoni. Nilikuwa namenya vitunguu. Akafunga mlango, akainama.

"Wapanda farasi warudi nyuma ya kilima," alininong'oneza. "Askari wa miguu waingie msituni. Darajani asiende mtu."

"Asiende mtu?" Mwamuzi hatakiwi kuuliza, lakini iliniponyoka.

"Kaka alichukue." Akawa anaitazama sufuria. "Nimepata kazi nje, mama. Karakana kubwa. Naondoka Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Hii inayokuja."

Nikaweka kisu chini. "Unaniambia mimi mama yako, au unamwambia mwamuzi?"

"Mwamuzi," alisema haraka. "Kaka nitamwambia mwenyewe, mchezo ukiisha. Nataka awe ameshinda kwanza. Unamjua. Nikimpiga halafu nimwambie naondoka, hata uwanja wa ndege haji. Tutaagana kwa kununiana."

Akatoka. Nilisimama pale na hasira zimenifika kooni. Kitindamimba wangu anahama nchi, na habari naipata imepachikwa katikati ya farasi na msitu, kama jambo la kusogeza kushoto au kulia. Ningekuwa mama tu saa ile, ningemfuata na mwiko mpaka sebuleni. Lakini alikuwa amenifunga mdomo kwa neno moja, na alijua anachofanya.

Sijamaliza kupumua, Bonge akaingia. Jiko langu likijaa yeye hakuna pa kugeukia. Hakuinama kama siku zote. Alisimama akaninong'oneza kwa juu.

"Anaondoka, si ndiyo?"

Nikalitazama bomba la maji.

"Sikuulizi, mama. Najua huwezi kusema. Nakwambia tu kwamba najua." Akaegemea jokofu. "Unayakumbuka yale maboksi yangu ya askari wasiopakwa rangi? Miaka namwomba, na yeye kila siku kesho. Sasa kwa miezi miwili hii amewapaka wote. Wapiga ngoma, nyumbu wa kubeba mizigo, hadi wale waliovunjika mikono. Mtu anayebaki hana haraka hiyo."

Kitunguu kilinisaidia, maana macho yangu tayari yalikuwa mekundu.

"Amri yangu," akaendelea. "Walinzi wote waondoke darajani. Jeshi lote lirudi mpaka ukingo wa meza. Alichukue yeye. Nataka aende akijua kwamba mara ya mwisho alinipiga." Kisha akafungua bomba akanawa mikono isiyokuwa na uchafu wowote, akatoka.

Basi tukaenda mezani. Nikasema tekelezeni, wakatekeleza. Jeshi jekundu likageuka likarudi nyuma ya kilima. Jeshi la bluu likageuka likarudi ukingoni. Walipomaliza, daraja lilibaki katikati peke yake, na majeshi mawili yamepeana migongo.

Bonge aliinua uso. "Unafanya nini?"

"Najipanga."

"Unajipanga kwa kurudi nyuma?"

"Na wewe je?"

Wakatazama chini, kila mmoja anatafuta mtego uko wapi. Nami nilikaa kwenye kiti changu cha uamuzi, nimeshika futi ya kupimia, nimeuma midomo nisicheke, na wakati huohuo nataka kulia. Jamani, niliona vita vya kila namna mezani pale, lakini majenerali wawili wanaogombania kushindwa sikuwa nimewaona.

Wakarudi jikoni mmoja mmoja. "Ana mtego mahali fulani," aliniambia Sindano. "Sawa tu, nitajitumbukiza. Mizinga yangu yote ivuke mto, bila mlinzi hata mmoja. Aiteke." Bonge akaja akaniambia hivyohivyo, mizinga yote mtoni, bila ulinzi, aiteke. Mezani mizinga ikakutana katikati ya satini, mdomo kwa mdomo, hakuna wa kuifyatua upande wowote.

Hapo ndipo utani ulipoisha. Walikuwa wamecheza pamoja muda mrefu, hakuna asiyejua mwenzake anapocheza ovyo makusudi, na kila mmoja akadhani anadharauliwa.

"Hutaki kucheza, sema," alisema Bonge. "Usiniletee upuuzi."

"Upuuzi? Wewe ndiye uliyeacha daraja wazi toka mwanzo. Tangu lini ukaacha daraja? Unaniona mtoto?"

"Mwenye haraka zake ni nani hapa? Wewe si una mambo yako makubwa siku hizi!"

"Mambo gani?"

"Utajua mwenyewe."

Sindano akabadilika rangi. Aligeuka kunitazama, na jicho lile lilinichoma, maana nililielewa. Alidhani nimesema.

Bonge akavuta boksi lake na kuanza kuwarundika askari ndani, bendera juu ya farasi, farasi juu ya mizinga. Bonge huyu ambaye hamruhusu mtu kugusa bendera kwa kidole kikavu! Sindano akachukua koti lake kwenye kiti. Hakusema kwaheri, alielekea tu mlangoni. Nikaona jinsi itakavyokuwa: atatoka, Bonge hatapokea simu, Jumatano itafika, na ndugu hawa watatenganishwa na bahari huku kila mmoja akijua mwenzake alimdharau siku ya mwisho. Wananuna hawa. Wangeweza kununa miaka.

Ningeweza kuyamaliza kwa sentensi moja. Lakini kila mmoja alikuwa amemwandalia mwenzake zawadi, na ningewatolea mimi, isingekuwa zawadi yao tena. Ingekuwa umbea wa mama.

"Jikoni," nikasema.

Wakasimama. "Zamu ya nani?" aliuliza Bonge kwa mazoea tu.

"Wote wawili."

"Pamoja?"

"Nimesema wote wawili. Mwamuzi ni nani hapa?"

Wakaja. Haijawahi kutokea wakaingia pamoja, na lile jiko halikujengwa kwa ajili yao. Bonge alijibana kwenye jokofu, Sindano akaegemea mlango na koti mkononi, mimi katikati yao, hata pa kuweka mikono sina.

"Kila mtu aseme amri yake ya kwanza ya leo," nikasema. "Kwa sauti. Mdogo aanze."

Bomba lilikuwa linadondosha maji.

"Darajani asiende mtu," alisema Sindano hatimaye, akiongea na sakafu. "Kaka alichukue."

Bonge alimgeukia. "Kwa nini?"

"Kwa sababu naondoka Jumatano. Nilitaka uwe umeshinda."

"Najua unaondoka."

"Mama kakwambia."

"Mama?" Bonge aling'aka kwa ajili yangu, na nilimpenda sana kwa hilo. "Mama huyu? Umempaka rangi hadi nyumbu, mwanaume! Unafikiri mimi kipofu?" Kisha akashusha pumzi. "Amri yangu mimi ilikuwa hiyohiyo. Darajani asiende mtu. Ulichukue wewe."

Sindano ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi koti likaanguka, na Bonge akacheka, kicheko chake kile kinachotikisa vikombe, kisha kikageuka kuwa kitu kingine na akamvuta mdogo wake kifuani akamfunika kabisa. Niliona kisogo tu cha mwanangu mdogo, na mkono wa Bonge ukikipigapiga. "Mjinga wewe," alikuwa akisema. "Mjinga kabisa wewe."

Niliwaacha. Nikageukia vitunguu vyangu, nikidhani kazi yangu imekwisha.

"Na wewe, mama?" aliuliza Bonge nyuma yangu.

"Mimi nini?"

"Amri yako."

"Mwamuzi hana amri."

"Miaka yote tunakuletea za kwetu," alisema, akijifuta uso kwa kiganja. "Ya kwako hatujapata kuuliza. Haya, sema."

Nilijua maneno ya kusema. Mama yeyote anayajua: nenda salama, Mungu akutangulie, kula vizuri, usisahau kupiga simu. Yote yalikuwa ya kweli, na ningeyasema Jumatano, mbele ya watu, bila kutetemeka. Lakini hakuna hata moja lililokuwa amri yangu. Nikamshika Sindano shingoni nikamwinamisha, sikio lake likafika mdomoni kwangu.

"Kwa sauti," alisema Bonge taratibu.

"Usiende," nikasema.

Sindano aliniangalia karibu kabisa, jinsi anavyomwangalia askari kabla ya kumpaka macho.

"Haitatekelezwa, najua," nikasema. "Wala sikutaka nikuambie. Ila mmemuuliza mwamuzi, na amri yangu ndiyo hiyo."

Aliweka kichwa chake begani kwangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, kwa mtu mwembamba hivyo.

"Nimesikia, mama," alisema.

Jumatano aliondoka. Tulimsindikiza, kaka yake na mimi, na mizigo aliibeba Bonge.