Ubao Chini ya Kitambaa

Shemeji yangu Mseti amekaa karibu miaka miwili akijivunia ubao wangu wa kukatia mboga. Sisemi hivi kwa majuto.

Ubao ule ulikaa juu ya kabati sebuleni kwake, hapa Machochwe, chini ya kitambaa nilichokifuma mimi mwenyewe. Kabla yake palikuwa na laptop ya binti yangu Irine. Alipewa na shirika moja la wasichana wanaosoma sayansi, alipokuwa kidato cha pili, na masomo yote yalikuwa humo ndani, fizikia, kemia, kila kitu. Haikumaliza wiki nyumbani kwangu. Mume wangu alikuwa amekufa, na Mseti, kaka yake, alikuja akaibeba mbele ya watu.

"Hii ni mali ya ukoo," alisema. "Mali ya ukoo haikai kwa mjane."

Akampa mwanawe Brayan. Brayan alipoiwasha ikamdai neno la siri, akabahatisha mara tatu, akachoka. Basi ikageuka pambo. Na kwetu kitu kikishafunikwa kitambaa cha kufuma kimekuwa cha wageni: watoto hawakigusi, hata mwenye nyumba hakifunui ovyo. Irine alilia mpaka sauti ikamkauka. Mwaka uliofuata akaacha shule, na leo anafua mashuka kwenye kambi ya watalii kule Natta. Mimi sikulia. Niliweka moyoni.

Mseti alisahau jambo moja tu. Vitambaa vya kabati lake ninavifua mimi. Kila Krismasi mkewe huniita niviondoe, nivifue, nivitie wanga, nivirudishe. Krismasi ya mwaka juzi niliingia na ubao kwenye kikapu, nikatoka na laptop chini ya vitambaa vichafu.

"Shikamoo, shemeji," nikamwambia Mseti mlangoni.

"Marahaba," akaitikia, wala hakugeuka.

Nilikusudia kumrudishia Irine. Lakini kisimani nikamkuta Scola, binti wa huyo huyo Mseti, anasoma karatasi ya mtihani wa zamani iliyokuwa imefungiwa maandazi. Alikuwa amefeli kidato cha nne, anataka kurisiti, aurudie mtihani. Babake hataki kusikia. Alikuwa ameshamtafutia mchumba kijiji cha Gorong'a, mtu mzima mwenye ng'ombe wengi. Hapo nikaona kisasi kilichonona zaidi. Alimtoa binti yangu shuleni, basi mimi nitamtoa binti yake mikononi mwake. Sijisingizii utakatifu. Siku ile sikumhurumia Scola hata kidogo, niliwaza tu zizi la Mseti likisubiri ng'ombe wasiofika.

Nikampigia Irine kumwomba neno la siri.

"La kumpa nani, mama?"

"Scola. Anataka kurisiti."

Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Kisha akasema, "Andika 'daktari Irine'. Yote pamoja."

Tangu hapo Scola alikuja kwangu kila alasiri, ati anajifunza kufuma. Sindano nilishika mimi, yeye akashika kemia. Vitambaa nilivyofuma alimpelekea mamake, naye akavisifu sana. Alirisiti, akafaulu, akaomba chuo cha uuguzi Musoma kwa laptop hiyo hiyo.

Mwezi huu wa kumi wageni wakaja kutoka Gorong'a kuleta posa. Asubuhi ile nilikuwa nimeshampandisha Scola kwenye basi, laptop ndani ya begi. Kisha nikaenda kwa Mseti kusaidia kupika. Sikutaka kuja kusimuliwa.

Mzee Waitara, msemaji wa wageni, akauliza kama binti amesoma.

"Kusoma?" Mseti akacheka. "Nyumba hii ina kompyuta, mzee. Tena ataondoka nayo!" Akakamata kitambaa kwa vidole viwili, akakivuta.

Ubao ulikuwa na makovu ya kisu na bado ulinuka kitunguu. Mzee Waitara akauinamia, akaunusa.

"Kompyuta yenu hii," akasema, "inakata na nyanya?"

Wageni wakaangua kicheko. Mseti akaita, "Scola! Scola!" Brayan alitumwa chumbani, akarudi na nakala ya barua ya chuo. Wageni wakaaga bila kula, nyama tukala wenyewe.

Jioni Mseti akanijia, macho mekundu. "Mama Irine! Laptop iko wapi?"

"Musoma, kwa Scola. Mali ya ukoo, shemeji, si ulisema? Na Scola ni wa ukoo, tena si mjane."

Akageuka, akaondoka. Miaka yote niliingoja siku hiyo, na ilikuwa tamu, tamu kweli.

Baadaye Scola akapiga simu kusema amefika salama. "Mama mdogo," akauliza, "nibadilishe sasa neno la siri?"

"Usithubutu," nikamwambia. "Kila ukiifungua, uanze kwa kuandika jina la mwenyewe."