Milango Mitatu ya Kaulimbili

Siku ya Alhamisi, tarehe tatu ya Mfungo Sita, mwaka wa tisa wa enzi ya Sultani Ghairi, watu wa nchi ya Kaulimbili waliamka na bashasha ya sikukuu, kwa kuwa ilikuwa siku ya kura, na hakuna jambo walilolipenda kama kuulizwa wanataka nini, ingawa kupewa ilikuwa nadra.

Nchi hiyo ilikuwa na ada zake. Kura ilipigwa kwa kokoto jeupe lililotiwa katika mmoja wa mitungi miwili, ndani ya jumba lenye milango mitatu iliyoelekea barabara tatu. Amri za Sultani zilitangazwa na mpiga mbiu, aliyeingia kwa barabara moja, akanadi mbele ya mlango mmoja, kisha akaenda zake bila kugeuka nyuma, maana kugeuka kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Na karani aliyeacha mlango wake ili akasikilize kwa mwenzake alivuliwa kilemba hadharani. Basi kila karani alitii alichokisikia mwenyewe, kwa uaminifu mkubwa na bila chembe ya shaka.

Mwaka huo ilikuwa imetoka amri mpya, kwamba kila mpiga kura ajitambulishe kwa bamba la shaba lililochorwa jina lake. Bi Dhati, muuza maziwa wa kitongoji cha Ng'ambo, alilipangia foleni bamba lake, akalisugua kwa ndimu mpaka likametameta, akalivaa kifuani kama bibi harusi. Lakini hakuwa amefuata shaba. Mtungi mmoja ulikuwa wa kuba la dhahabu juu ya kasri, na wa pili ulikuwa wa daraja juu ya Mto Ghafula. Masika yaliyopita mto huo ulimzoa binti yake, Ilhamu, akitoka chuoni. Wakamkuta ameng'ang'ania mzizi, kiatu kimoja mguuni, ubao wa kuandikia umekwenda na maji. Tangu hapo, kila wingu lilipotanda, moyo wa Bi Dhati ulidunda kama mchi kinuni.

Alifika mlango wa kaskazini, aliposimama karani Marufuku.

"Mama, ficha hicho!" alihamaki Marufuku. "Nimesomewa kwa masikio yangu: bamba limekatazwa. Kulionyesha ni kuwatisha wasio nalo."

"Mwanangu, si mlisema tuje nalo?"

"Si mimi. Kalirudishe."

Akavuka mto, maji yakimfika magotini, akalichimbia ndani ya kapu la unga nyumbani, akarudi. Kaskazini foleni ilikuwa imezunguka jumba, akaona heri aende mlango wa magharibi, kwa karani Lazima.

"Bamba liko wapi?"

"Kwenye unga."

"Kwenye unga linafanya nini, mama? Linaumuka?"

"Nimekatazwa kuja nalo, mlango ule pale!"

"Mlango ule siujui. Hapa bila shaba huingii, hata ungekuwa mama yangu mzazi. Naye nimemrudisha asubuhi."

Akaenda mlango wa kusini. Karani Labda alimkaribisha kwa unyenyekevu wote.

"Labda utaingia, Bibi, na labda hutaingia. Nimesomewa kuwa shauri bado linaamuliwa. Keti kidogo."

Akaketi juani na waliokwisha ketishwa, huku akilitazama jua likielekea Kilima cha Ukomo. Likikigusa tu, mitungi hufunikwa.

Ndipo ilipotua machela yenye mapazia, akashuka Kadhi Insafu, kokoto lake mkononi. Bi Dhati akamwamkia kwa heshima, akamweleza yote.

"Sheria ni moja, mama," alisema Kadhi kwa utulivu. "Nitazame mimi."

Akaenda kaskazini na bamba lake, Marufuku akamfukuza. Akalivua, akaenda magharibi, Lazima akamfukuza. Akarudi kusini, joho limejaa vumbi, akaketi kando ya Bi Dhati, na watu wakacheka hata akina mama wakashika mbavu.

"Zote tatu ni kweli," alikiri Kadhi, naye akicheka kwa haya. "Sultani aliamuru. Mimi nikasitisha. Kisha tukasema tutafakari. Kila mlango umeshika amri ya siku yake."

"Na mto, Sheikh, nao utatafakari?" aliuliza Bi Dhati, wala hakucheka. "Masika ni mwezi ujao. Mwanangu anavuka kila siku."

Kabla Kadhi hajajibu, baragumu lililia, akatokea mpiga mbiu Mwendopole akihema.

"Amri zote tatu zimefutwa!" alinadi. "Ya nne iko njiani!"

Kadhi akasimama. "Sheria isiyofika kila mlango haijafika. Mpaka ifike, tutarudi kwenye ada ya wazee wetu: majirani wawili wakisema wanamjua mtu, aingie. Nanyi makarani, sogeeni msikie pamoja. Vilemba vyenu navidhamini mimi."

"Nani anamjua mama huyu?" aliuliza karani Labda, akimwonyesha Bi Dhati.

"Namjua!" alipaza sauti jirani. "Hutia maji kwenye maziwa!"

"Muongo mkubwa! Sitii!"

"Ndiye huyo huyo," alidakia wa pili. "Hata sauti ni yake."

Bi Dhati akaingia, akatia kokoto lake, akalisikia likigonga wenzake.

Alipotoka, Kadhi alikuwa angali kizingitini. Cheo chake walikijua, lakini hakuna jirani aliyemjua mwenyewe, kwa kuwa miaka yote alipita mapaziani. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole.

"Mimi namjua," alisema Bi Dhati. "Nimekaa naye juani."

Kisha Marufuku akakohoa. "Nami namjua. Nimemfukuza leo."

Kadhi akaingia kwa vifijo.

Daraja lilishinda. Lilipokwisha kujengwa, wa kwanza kulipita alikuwa Ilhamu, viatu viwili miguuni, na nyuma yake Mwendopole, ambaye sasa ameruhusiwa kugeuka, naye hunadi kwenye milango yote mitatu kabla amri haijashika. Machela ya Kadhi sasa huhifadhi kuku, naye hutembea kwa miguu.

Nawe uliyesoma habari hii, usiishie nayo mlangoni pako. Ifikishe kwa jirani wa kushoto na wa kulia kabla ya siku ya kura, na uwaambie wote maneno yale yale.